Mtoto ajitambulishe mwenyewe, na hisia zake azijue
Wenye watoto wa miaka 3, 4 hivi hapa Moshi, usiishie kumfundisha "naitwa Junia" basi, maana akikupotea pale Memorial kwenye mitumba kina Junia wako kibao. Mfundishe jina kamili, jina la mama lile lenyewe sio "mama Junia", na mtaa, Pasua au Majengo, halafu akiulizwa na bibi au konda muache ajibu mwenyewe hata kama anajiumauma, wamama tunapenda sana kuwajibia.

Hisia nazo zipe jina palepale zinapotokea. Kanyang'anywa mpira analia, badala ya "nyamaza" mwambie "umekasirika eeh, wamekuchukulia mpira", na akigoma mlangoni kwa chekechea muulize tumbo linasemaje, watoto wengi woga wanausikia tumboni kabla hawajaweza kuusema. Kioo pia kinasaidia, mnakunja sura afu anabahatisha ni hasira au huzuni, wanacheka sana hapo. Anza na furaha, huzuni, hasira na woga tu, wivu na aibu baadae. Ila usimhoji akiwa bado analia kwa nguvu, hapo hasikii kitu, subiri apoe kwanza.