Jinsi ya kumpa mtu riwaya ya vita akaimaliza

Wadau wa riwaya za vita huku Kusini, kuna kitu nakiona kila mwaka. Mtu akimaliza kitabu kikamkolea basi hichohicho anakisukuma kwa kila anayekutana nae, mwalimu mwenzake, dereva wa boda, shemeji, wote kitabu kimoja, afu baada ya mwezi anauliza umefika wapi anajibiwa "ukurasa wa kumi na tano mjomba, mambo mengi." Kitabu ni kizuri ila hakikumpata mwenyewe. Mi naazimisha vitabu vyangu hapa Mtwara mjini, Mikindani, mpaka Lindi huko, na nilichojifunza ni kwamba unamsikiliza mtu kwanza, kitabu kinafuata.

Anza na swali. Usimuulize "unapenda stori za vita?" maana hapo kila mtu atasema ndio. Muulize kitu cha mwisho alichokimaliza chote, iwe kitabu, muvi au hata simulizi ya babu yake, na ni sehemu gani ilimshika asitake kulala. Hapo kaa kimya umsikilize. Akianza kukwambia nani alimzunguka nani, bunduki gani, mto waliuvukaje, huyo ni mtu wa mapambano, mpe kitabu chenye uwanja wa vita. Akikwambia "yule mama alivyobaki na watoto kijiji kikiungua" huyo anataka vita inavyoingia ndani ya nyumba, ukimpa kurasa mia mbili za mizinga atakurudishia kesho yake. Na akikwambia alitaka kumjua msaliti, mpe ujasusi, anza nae na riwaya za Elvis Musiba zenye Willy Gamba, mpelelezi anayewinda maadui wa ukombozi wa Afrika, zile hata asiyesoma kabisa anazimaliza, na zinamzoesha kukaa na kitabu.

Halafu, na hili ndo nalisisitiza kuliko yote, kwa mtu wa huku anza na vita iliyopita mlangoni kwake. Wengi wetu tumekua tunadhani vita vya dunia vilikuwa vya Ulaya tu, kumbe ukipanda gari Mingoyo kwenda Masasi unapita Nyangao, na Mahiwa iko palepale, Oktoba 1917 walipigana siku nne, tarehe 15 mpaka 18, moja ya mapigano makali kuliko yote ya vita ile upande wetu wa Afrika. Wajerumani chini ya von Lettow-Vorbeck walikuwa kama 1,500, Waingereza karibu mara tatu yao wakiwa na brigedi nzima ya Wanigeria, na Waingereza wakapoteza zaidi ya watu 2,000 kwa waliouawa na waliojeruhiwa. Waliokuwa wanalengana pale wengi wao ni Waafrika kwa Waafrika. Mwezi uliofuata Lettow akavuka Ruvuma kuingia Msumbiji, akaja kusalimu amri tarehe 25 Novemba 1918 huko Abercorn ambayo leo ni Mbala, Zambia, wiki mbili baada ya Ulaya kunyamazisha bunduki. Mwambie mtu hayo kabla hujamtajia kitabu chochote. Nimeshaona sura ya mtu inavyobadilika akijua kwamba shamba la mikorosho analopita kila msimu liko jirani na mahali watu walipochimba mahandaki.

Akishaiva hapo ndo unamletea Abdulrazak Gurnah, mzaliwa wa Zanzibar, aliyepata Nobeli ya fasihi 2021. Mi huwa naanza na Peponi, ile tafsiri ya Kiswahili ya Ida Hadjivayanis iliyotoka 2022, hadithi ya Yusuf, mtoto anayechukuliwa na tajiri kwa ajili ya deni la baba yake. Sio riwaya ya vita moja kwa moja na lazima umwambie hivyo, vita inasikika kwa mbali kisha inasogea, asije akasubiri risasi tangu ukurasa wa kwanza akakuona umemdanganya. Akiimaliza anakuwa tayari kwa Afterlives ya 2020, iko kwa Kiingereza, na hapo sasa anaingia jeshini kabisa pamoja na Hamza, kijana anayejiunga mwenyewe na askari wa Mjerumani, kuna ofisa anamfundisha kusoma Kijerumani na kuna mwingine anamchukia kwa sababu hiyohiyo. Kwa wale wanaopenda undani wa kijeshi humo watakutana na vyeo vya ombasha na shaushi. Mweleze mapema kwamba ombasha ni sawa na koplo na shaushi ni sawa na sajenti, maneno yenye asili ya Kituruki yaliyoingia jeshi la Mjerumani kupitia askari waliotoka Sudan, akijua hivyo hatokwama kila baada ya kurasa mbili.

Maji Maji nayo msiiruke. Ilianzia Nandete kwenye vilima vya Matumbi, Julai 1905, watu waling'oa pamba waliyolazimishwa kulima, na leo Nandete iko Kilwa, mkoa wa Lindi huuhuu. Kwa mtu asiyependa vitabu vinene mpe Kinjeketile ya Ebrahim Hussein, 1969, na Ebrahim mwenyewe ni mzaliwa wa Kilwa. Ni tamthiliya, sio riwaya, jioni moja inatosha, na inauliza swali ambalo riwaya nyingi nene za vita hazilifikii, yaani kiongozi anafanya nini watu wakishaliamini neno lake kuliko anavyoliamini yeye. Kwa wazee na wanaopenda mashairi kuna Utenzi wa Vita vya Maji Maji wa Abdul Karim bin Jamaliddini wa Lindi, ule tafuta nafasi umsomee mtu beti kadhaa kwa sauti, ukimkabidhi tu hivihivi hataufungua, tenzi zetu zinataka sauti.

Nikiwa kwenye Maji Maji niwape na kipimo changu cha kujua kama mwandishi wa vita anaijua vita. Naangalia chakula. Vita ile njaa iliua watu wengi kuliko risasi, Wajerumani walichoma mashamba na maghala makusudi, na vita ya 1914 mpaka 1918 iliwamaliza wapagazi kwa mizigo, njaa na maradhi, jina la Kariakoo pale Dar linatokana na wapagazi hao wa upande wa Mwingereza. Riwaya ambayo askari wanatembea miezi sita porini na hakuna anayebeba unga wala anayeugua, mi siipendekezi kwa mtu yeyote hata mapigano yake yakiwa matamu vipi.

Lugha. Hapa tunapoteza watu wengi sana. Mtu anakusifia kitabu cha Kiingereza mbele ya watu kwa sababu hataki kuonekana hajui lugha, anakichukua, kinakaa kabatini. Usimuulize kama anajua Kiingereza, mfungulie ukurasa wowote wa katikati mwambie asome aya moja halafu akusimulie kwa Kiswahili, akisimulia vizuri mpe, akisuasua mpe cha Kiswahili na wala usiseme neno. Kuna riwaya kama Sozaboy ya Ken Saro-Wiwa, 1985, kijana wa Nigeria anakwenda jeshini kwa sababu ya gwanda, ni kitabu naomba kila mpenzi wa vita akisome ila kimeandikwa kwa Kiingereza kilichovunjwa makusudi, hata mwenye digrii anahitaji kurasa thelathini kukizoea, sasa hicho kiache mpaka mtu awe wa kiwango hicho.

Na jambo jingine naliandika kwa uzito. Huku kwetu vita sio mambo ya zamani tu. Ng'ambo ya Ruvuma, Cabo Delgado ya Msumbiji, mapigano yalianza Oktoba 2017, Palma ikavamiwa Machi 2021, watu wana shangazi na wajomba kule. Kuna wazee waliovuka kuja huku wakati wa vita ya FRELIMO, wapigania uhuru wa Msumbiji, na Mreno, kuna waliokaa karibu na kambi yao ya Nachingwea. Niliwahi kumpa kijana mmoja riwaya ya watoto waliopewa bunduki, nikaisifia sana, akairudisha siku ya pili hakusema kitu, nikaja kuambiwa baadaye kwamba mama yake mdogo alikuwa ameolewa upande ule na ilipita miezi hawajui yuko wapi. Sikumuuliza chochote kabla ya kumpa, na lile linaniuma mpaka leo. Kwa hiyo sasa namwambia mtu mapema kitabu kina nini ndani, kuna watoto wanauawa, kuna wanawake wanabakwa, halafu namuachia yeye aseme sasa hivi au hapana. Akisema hapana usimbembeleze.

Namna ya kukisema kitabu nayo ina kazi yake, ila hii ni fupi. Sentensi mbili au tatu. Nani yuko kwenye shida gani, wapi, basi, usimmalizie stori. Mtajie na pale panapochosha, mfano Half of a Yellow Sun ya Chimamanda Adichie, 2006, mtu wa mapambano ataona mwanzoni ni mahaba na maisha ya wasomi tu, mwambie vumilia, vita ya Biafra kule Nigeria, ya 1967 mpaka 1970, inakuja na ikija itakukuta umeshawapenda hao watu, ndo maana itakuuma. Mwenye kuambiwa hivyo anavumilia, asiyeambiwa anaacha ukurasa wa themanini.

Kwa wakongwe wenzangu, wale ambao ukitaja kitabu wameshakisoma, dawa ni kuwapa viwili kwa pamoja vinavyotazamana. Mfano mzuri nilionao ni All Quiet on the Western Front ya Erich Maria Remarque, 1929, vijana wa Kijerumani wanaohamasishwa na mwalimu wao wenyewe kwenda vita ya kwanza ya dunia, unampa pamoja na At Night All Blood Is Black ya David Diop iliyoshinda tuzo ya Booker ya kimataifa 2021, ambayo ni Msenegali anayepigania Ufaransa kwenye mahandaki ya upande wa pili. Vita ileile, matope yaleyale. Mkongwe aliyesoma cha Remarque mara tatu ataanza kubishana na wewe usiku kucha, na mimi maongezi hayo ndo nayatafuta.

Ukishampa mtu kitabu usimsumbue wiki ya kwanza. Ya pili mtumie ujumbe wa sauti umuulize kuhusu mhusika mmoja, "vipi huyo Hamza wako?", sio "umemaliza?". Na akirudisha kabla hamjaanza kubishana muulize angempa nani kitabu hicho, akikutajia mtu ujue kimemwingia, na huyo aliyemtaja ndo wa kumpelekea. Kopi yangu ya Peponi sa hivi iko Newala kwa njia hiyohiyo, imepita mikono minne, ikishuka inakwenda kwa mama mmoja wa Chikongola aliyeiwekea oda tangu mwezi uliopita.