Jinsi ya kumtafuta babu aliyekufa vitani akiwa askari wa KAR, jeshi la Waingereza la Afrika Mashariki (nimempata wa kwetu, nakuelekeza)

Kwenye koo nyingi huku kwetu kuna mtu anayetajwa kwenye matanga tu, "yule aliyeenda Bama hakurudi" (Bama ni Burma, vita vya pili vya dunia), halafu stori inaishia hapo, chai inaendelea. Kwetu ni kaka yake babu, mtu wa Tabora, nimekua nikisikia hivyo hivyo mpaka nilipoamua kumtafuta, na nikampata, ila imenichukua karibu miezi minane kwa sababu nilianza kinyumenyume.

Kosa langu nilikimbilia mtandaoni. Nikaandika jina lake nikaletewa rundo la watu, wa Nyasaland, wa Uganda, wa Sudani, nikachagua mmoja aliyefanana fanana nikawatangazia ndugu kwenye grupu la ukoo kwamba babu mkubwa tumempata. Hakuwa yeye. Aibu niliyopata hapo acha tu.

Kwa hiyo anzia nyumbani. Tafuta mzee wa mwisho aliyebaki anayekumbuka, kaa naye, simu iwe inarekodi (omba ruhusa basi), na usimuulize mwaka, mwaka hakumbuki na ukimbana atakutajia wowote ili umwache. Uliza vitu vinavyokaa kichwani: wakati anaondoka fulani alikuwa ameshazaliwa? Aliondoka na nani pale kijijini, alijiandikisha mwenyewe au jumbe ndiye aliyemtoa? Alikuwa ameoa, mkewe alirithiwa na nani, watoto walilelewa wapi? Kabla ya jeshi alikuwa anafanya nini, alikata mkonge, alichunga, alisoma? Haya ya mwisho yaandike kuliko yote maana kule Uingereza hakuna jalada litakalokuambia kwamba alikuwa fundi wa kupiga ngoma, hilo likifa na shangazi yako limekufa.

Na uliza habari ya pesa, tafadhali usiiruke. Askari wa KAR alikuwa anaweza kukatwa sehemu ya mshahara ikalipwa nyumbani kupitia boma, kwa bwana shauri, na habari ya kifo ilipita njia hiyo hiyo, boma mpaka kwa jumbe mpaka mlangoni kwenu. Sasa mwanamke anaweza kusahau jina la vita lakini siku aliyotembea mpaka boma akaambiwa leo njoo na mwenye mji wako, tuna maneno, hiyo hasahau. Shangazi yangu alikuwa mtoto wa mgongoni, lakini alihadithiwa na mama yake kwamba ilikuwa wakati wa kulima, mvua zimeshaanza, na mama alirudi na jembe begani hajalima chochote. Wakati wa kulima Tabora ni Novemba, Desemba hivi. Hicho ndicho kilichomwondoa yule babu wangu wa bandia, yeye alikufa Juni.

Halafu sikiliza matamshi, usimsahihishe mzee. Keya ni KAR, King's African Rifles. Bama ni Burma, siku hizi Myanmar. Selani ni Ceylon, yaani Sri Lanka, walikofanyia mazoezi kabla ya Burma. Habeshi ni Ethiopia, vita vya 1940 na 1941 dhidi ya Mtaliano. Bukini ni Madagaska, 1942. Na akikuambia "alizama" usidhani ni mtoni, kuna meli iliitwa Khedive Ismail, ilitoka Mombasa Februari 1944 kwenda Colombo, tarehe 12 ikapigwa na nyambizi ya Wajapani karibu na Maldivi, ikazama ndani ya dakika chache tu, wakafa watu karibu 1,300, na wengi walikuwa askari wa mizinga wa Afrika Mashariki, rejimenti ya 301. Ukoo wako ukiwa na mtu wa "alizama" mwaka huo anza na meli hiyo.

Baada ya maneno, makaratasi. Fungua yale mabati ya biskuti na masanduku ya bibi. Unachotaka kuliko vyote ni namba ya jeshi, kwa sababu jina aliliandika karani kwa alivyosikia, lakini namba ni namba. Ikiwa na herufi mbele inakili na herufi zake. Ukikuta medali ya vita vya pili usihangaike kuangalia ukingoni, Waingereza hawakuchonga majina kwenye nyota zile (za vita vya kwanza ndiyo walichonga), ila utepe wenyewe unasema, wa bluu wenye mstari mpana mwekundu katikati na vimistari vya machungwa pembeni ni wa Burma.

Sasa ndiyo uingie mtandaoni. Nenda cwgc.org, hawa ni tume inayotunza makaburi ya vita ya Jumuiya ya Madola, kutafuta ni bure. Usianze na jina. Chagua vita, weka kipindi cha tarehe ulichopata kwa shangazi, weka rejimenti, orodha ipungue kwanza, halafu ndiyo uanze kusoma majina moja moja na kwa sauti, ndiyo, kwa sauti, kwa sababu Ramadhani utamkuta Ramathani, Ramazani, Ramadan, na mara nyingi jina la baba ndilo limewekwa kama la ukoo au mtu kaandikwa jina moja tu basi. Mimi wa kwetu nilimpita mara mbili, walimwandikia R mahali pa L, Mnyamwezi na karani Mzungu hapo fikiria mwenyewe.

Batalioni pia inakusaidia kuchuja. 26 KAR na 36 KAR zilikuwa za Tanganyika, 11 KAR ya Kenya, 34 KAR ya Uganda, na zote hizi zilikwenda Burma ndani ya Divisheni ya 11 ya Afrika Mashariki, wale waliovaa alama ya kichwa cha kifaru. Walishuka bonde la Kabaw kwenye mvua za 1944, matope mpaka magotini, malaria, kuhara, homa ya vidudu vya porini, mpaka wakafika mto Chindwin na kuichukua Kalewa mwanzoni mwa Desemba. Kwa hiyo ukiona tarehe ya Septemba usikimbilie kusema risasi, ugonjwa nao uliwachukua wengi.

Ukimpata, ukurasa wake utakuonyesha cheo, namba, tarehe, batalioni na alipo. Hapo kwenye alipo soma vizuri. Kaburi litakuwa na namba ya safu na nafasi, na kwa Burma wengi wako Taukkyan, nje kidogo ya Yangon. Usitegemee msalaba wala jiwe refu kama la picha za Ufaransa, ni kijiwe kifupi kilichoinama chenye bamba la shaba. Kama hana kaburi jina linakuwa ukutani: wa Burma kwenye mnara wa Rangoon hapo hapo Taukkyan, na waliopotea Habeshi, Bukini na kwenye ile meli wako Nairobi, makaburi ya vita ya Ngong Road, kwa hiyo wewe mtu wa Nairobi unaweza kuwa unampita babu yako kila siku na matatu. Jina likiwa limekosewa waandikie hao hao CWGC uwape ushahidi, wanarekebisha.

Ukitaka kujua siku ile ilitokea nini kuna daftari za vita za kila batalioni, ziko Kew, London, hifadhi ya nyaraka ya Uingereza, za Burma tafuta kundi la WO 172. Utalipia kopi au umtume ndugu aliyeko huko. Ila jiandae kisaikolojia, humo afisa akifa anaandikwa jina, askari wetu mara nyingi anahesabiwa, wamekufa watatu, wamejeruhiwa saba, imeisha. Mmoja wa hao watatu ni wako, tarehe ndiyo inayokuambia.

Kama mtu wenu ni wa vita vya kwanza, 1914 mpaka 1918, na alikuwa mpagazi, hao wa Karia Koo (Carrier Corps, kikosi cha wapagazi) walioacha jina mpaka sokoni Dar na Nairobi, sikufichi, uwezekano ni mdogo. CWGC wenyewe walikiri 2021 kwenye ripoti yao kwamba watu wasiopungua 116,000, wengi wao wa Afrika Mashariki na Misri, hawakuwekewa majina au hawakukumbukwa kabisa. Hapo utabaki na hifadhi za taifa, Dar au Nairobi, na kumbukumbu za misheni kama alibatizwa. Na wa vita vya Kagera hiyo ni njia nyingine kabisa, ni JWTZ na makaburi ya Kaboya kule Muleba, usimtafute huku.

Mwisho, ukishapata usitupie skrinshoti kwenye grupu ukaondoka. Chapisha kwa herufi kubwa, mpelekee mzee, msomee kwa lugha yake. Mimi nilipomsomea shangazi alinikatisha kwenye tarehe, Novemba, akaniuliza hiyo ni kabla au baada ya kupanda, nikamwambia hapo hapo kwenye kupanda, akanyamaza muda. Kisha akamwita mjukuu amletee lile bati, akaikunja ile karatasi mara nne akaiweka ndani, akaniambia nirudi Jumamosi kuna mambo ya baba yake hajaniambia.