Diski mpya kwenye rekoda ya mama, Tukuyu

Mama alinipigia Jumapili jioni. "Mwanangu, mashine imejaa, inasema nifute." Nikamwambia afute tamthilia. "Tamthilia nimeshafuta zote. Kilichobaki ni baba yako."

Alikuwa na maana ya kaseti ya harusi yao. Miaka kadhaa iliyopita niliihamishia kwenye rekoda kutoka deki ya zamani, na ni bahati, kwa sababu baada ya masika mawili ya Tukuyu utepe ule uliota kuvu jeupe kama unga. Kwa hiyo nakala pekee ya harusi ya wazazi wangu ilikuwa ndani ya diski ya GB 160 iliyozunguka tangu mashine itoke Uingereza kwenye begi la shemeji. Ninatengeneza redio na ving'amuzi pale Mwanjelwa, Mbeya, diski nimebadilisha nyingi, ila hii niliiogopa.

Rekoda ni ile ya zamani yenye diski ndani na trei ya DVD mbele. Tyuna yake ya analojia haina kazi tena tangu mitambo ya analojia ianze kuzimwa nchini, Dar es Salaam ikitangulia tarehe 31 Desemba 2012. Sasa inarekodi kile tu inacholetewa na king'amuzi kwa zile waya tatu, njano, nyeupe na nyekundu. Kama yako ni king'amuzi cha kulipia chenye diski yake ndani, soma sehemu ya kufungua na ya kuchagua diski tu. Vile vya kulipia kwa kawaida hufunga vipindi kwa ufunguo wa kifaa chenyewe, na ukiipeleka diski kwenye kompyuta hutaona kitu.

Kabla ya bisibisi, toa kwanza usichoweza kukipata tena. Wengi watakuambia nakili diski nzima kwenda kwenye kubwa, basi. Ukifanya hivyo unanakili na mipaka yake pia: mashine nyingi zitawaka vizuri, lakini kwenye diski ya GB 500 zitaendelea kuona 160 ileile. Nafasi yote utaipata pale mashine yenyewe itakapofomati diski tupu, na kufomati kunafuta kila kitu. Ndiyo maana harusi ilitakiwa itoke kwanza.

Nilitumia trei ya DVD. DVD ya kawaida ya GB 4.7 inabeba saa 1 kwa XP (ubora wa juu), saa 2 kwa SP (wa kawaida), saa 4 kwa LP (wa chini). Harusi ilikuwa SP, saa 2 na dakika 40, kwa hiyo haikuenea. Mashine itakushauri uibane iingie kwenye DVD moja, kataa. Kuibana ni kuichakata picha upya, na picha ya kaseti tayari imechoka. Ingia kwenye menyu ya kuhariri, igawe vipande viwili, kisha nakili kila kipande kwa kasi kubwa, njia ambayo haigusi ubora. Mimi nilikata pale wazee wanapoketi kula, kabla ya keki. Mama aliyekuwa nyuma yangu akasema hapana, mbele kidogo, shangazi yako hajamaliza kucheza. Tukasogeza.

Ukimaliza kunakili, ifunge DVD. Kuna amri yake kwenye menyu (Finalize), na bila hiyo DVD inasomeka kwenye rekoda iliyoiandika tu. Niliisahau ya kwanza, tukaipeleka kwa jirani kujaribu, deki yake ikazungusha ikazungusha ikaitema. Toa nakala mbili, kisha zihamishe kwenye laptop na flashi. Kama trei yako imekufa (vumbi kwenye lenzi, jaribu kwanza pamba yenye spiriti), cheza kipindi na ukirekodi kwenye kompyuta kupitia kile kifaa cha USB cha kunasa picha. Ni kazi ndefu kwa sababu saa moja ya picha ni saa moja ya kukaa pale.

Sasa diski mpya. Chagua ya inchi 3.5 yenye mzunguko wa 5400 kwa dakika, au zile zinazotengenezwa kwa ajili ya kamera za ulinzi, kama WD Purple na Seagate SkyHawk. Zimeumbwa kuandika mchana na usiku. Achana na ya 7200: joto zaidi, umeme zaidi, na rekoda haina haja na kasi hiyo. Angalia pia tundu la waya. Ya mama ni SATA, ile ya waya mwembamba. Zenye mkanda mpana wa IDE, aina ya zamani, zinahitaji adapta, au diski ya IDE iliyotumika, na ile pini ndogo ya plastiki iwekwe kama ilivyo kwenye diski ya zamani. Mashine ya zamani zaidi, ya GB 80 kwa mfano, inaweza kukwama kwenye GB 137 hata uiwekee diski kubwa kiasi gani, kwa sababu haina namba za kutosha za kuhesabia vyumba vya diski.

Ukinunua ya mtumba, usiangalie kibandiko. Jirani yangu wa Mwanjelwa aliniapia, "Hii mpya kaka, imetoka ofisini, haijakaa mwaka." Nikaichomeka kwenye laptop, nikafungua CrystalDiskInfo, programu inayoonyesha afya ya diski: imeshawaka masaa 31,000. Mwaka una masaa 8,760, piga hesabu mwenyewe. Akacheka, mimi pia nikacheka, nikachukua nyingine ya masaa 4,000 isiyo na hata sekta moja (kichumba cha data) iliyoharibika ikahamishwa, wala inayosubiri kuhamishwa. Hiyo mistari miwili, namba 05 na C5, ikiwa juu ya sifuri rudisha diski.

Wateja wa Njombe na Makete huniuliza kama diski inafanya kazi huko juu. Si swali la kijinga. Kichwa cha diski ya kawaida kinaelea juu ya sahani kwa mto mwembamba wa hewa, na hewa ya milimani ni nyepesi. Lakini diski nyingi zimeruhusiwa hadi kama mita 3,000, na miji yetu yote iko chini ya hapo. Baridi ndiyo ya kuangalia. Nilipanda Coaster kutoka Mbeya asubuhi ya Julai, diski mapajani ndani ya sweta, nikashuka Tukuyu nikaiacha mezani saa nzima kabla ya kuiwasha, jasho lisije likatulia kwenye bodi.

Kufungua: chomoa plagi ukutani, subiri dakika kumi. Upande wa pawa sapulai kuna kapasita kubwa inayoweza kubaki na volti zaidi ya 300 baada ya kuchomoa. Usiweke kidole huko hata ukijiona fundi. Vua sweta la nailoni, gusa chuma cha boksi, kisha ndipo ushike diski, pembeni. Skrubu ziweke kwenye trei ya mayai, kila tundu hatua moja, kwa mpangilio wa kuzitoa. Nimejaribu sahani, nimejaribu mfuko wa shati. Trei ya mayai haijanisaliti. Piga picha ya waya kwa simu kabla ya kuchomoa chochote. Diski inakaa kwenye kibati chenye skrubu nne na mpira unaozuia mtetemo. Hamisha mpira nao, la sivyo itavuma usiku kucha.

Nilifunga, nikawasha, nikasikia kimya kisicho cha kawaida. Feni. Nilikuwa nimeuchomoa waya wake mwembamba kupitisha kibati, nikausahau. Bila feni rekoda ingewaka vizuri tu, na diski ingeiva polepole. Nyingi zimeandikiwa mwisho nyuzi 60. Kwa hiyo usifunge skrubu za kifuniko hadi uone feni inazunguka.

Skrini ikasema diski haijafomatiwa. Hilo ndilo unalotaka kuliona. Menyu, mipangilio, fomati, dakika moja haikuisha. Mashine iliyosema saa 70 za SP sasa ikaandika zaidi ya 220. Yako ikiikataa diski tupu, huenda ni zile zinazotambua diski yao tu. Hapo rudisha ya zamani, ukainakili nzima kwa ddrescue, programu ya kunakili diski, kwenye kompyuta ya Linux, ujaribu nakala. Na ukiichomeka kwenye Windows, ikikuuliza kama ifomati au iandae diski, bonyeza hapana. Windows haijui diski ya rekoda ni nini, na itakushauri uifute kwa upole kabisa.

Usiitumie diski ya zamani kwa kazi nyingine mara moja. Rekodi kwa wiki nzima, umeme ukatike na kurudi kama kawaida yake (stabilaiza ni muhimu kuliko diski yenyewe, hasa miezi ya radi), ndipo uiamini mpya. Ya mama niliifunga kwenye gazeti, nikaandika juu yake kwa kalamu: "Baba. Usifute."

Aliisoma, akaiweka kabatini chini ya vitenge, akarudi kukaa. "Ndaga fijo, mwanangu. Sasa nionyeshe tena. Naanza kurekodi tamthilia, au taarifa ya habari kwanza?"