Betri za gridi: jinsi ya kusoma MW na MWh

Ukisikia "betri ya megawati 100", umepewa nusu ya habari. Betri ya gridi, yaani betri kubwa iliyounganishwa na mtandao wa umeme, ina namba mbili, na anayekutajia moja tu ama amesahau ama anauza kitu.

Hatua ya 1: Tenganisha namba

Megawati (MW) ni kasi, yaani umeme unaoweza kutoka kwa wakati mmoja. Megawati-saa (MWh) ni akiba yote iliyomo ndani. Mnunuzi wa LUKU tayari anaijua hii ya pili: uniti moja ni kilowati-saa moja, kwa hiyo MWh 1 ni uniti 1,000.

Hatua ya 2: Gawanya MWh kwa MW

Jibu ni saa. Betri ya Hornsdale, Australia, iliyojengwa na Tesla mwaka 2017, ilianza na MW 100 na MWh 129. Ikitoa kwa nguvu zote inakauka baada ya saa moja na dakika 17 hivi. Betri ya Hex ya Eskom, shirika la umeme la Afrika Kusini, iliyoko Worcester, iliyozinduliwa 2023, ni MW 20 na MWh 100: saa tano. Ipi kubwa? Inategemea unauliza nini.

Hatua ya 3: Uliza inafanya kazi gani

Hapa ndipo penye utamu. Kati ya zile MW 100 za Hornsdale, MW 70 zilitengwa kwa mkataba wa serikali ya jimbo kulinda uthabiti wa gridi, kwa dakika 10. Piga hesabu: 70 × 10 ÷ 60 ni MWh 11.7 tu. MW 30 zilizobaki zilikuwa za biashara, kuhifadhi umeme wakati wa bei ya chini na kuuza ikipanda, kwa saa tatu: MWh 90. Kwa hiyo asilimia 70 ya kasi ilihitaji chini ya sehemu moja ya kumi ya akiba.

Ndiyo maana muda wake mfupi si kasoro. Mtambo mkubwa ukizimika ghafla na masafa ya gridi (mizunguko ya umeme kwa sekunde) yakaanza kushuka chini ya hezi 50, kinachotakiwa ni msaada wa papo hapo mpaka mitambo mingine ishike. Mwaka 2020 Hornsdale iliongezwa ikafika MW 150 na MWh 193.5. Gawanya uone: muda ni uleule.

Hatua ya 4: Uliza imepimiwa wapi, na lini

Seli, yaani vijibetri vilivyomo ndani, hutoa umeme wa DC (wa mkondo mmoja), gridi inataka AC (wa mkondo geu). Katikati kuna inveta, inayogeuza DC kuwa AC, na transfoma, na kila kimoja kinakula kidogo. MWh za kwenye seli huwa nyingi kuliko zinazofika kwenye laini. Seli nazo huchoka mwaka hadi mwaka. Mkataba usiotaja mahali pa kipimo na mwaka wake, mimi nisingeusaini.

Maswali ya wanachama

*Mkuu, jenereta ya MW 100 na betri ya MW 100 si sawa tu?*
Kwa kasi, ndiyo. Ila jenereta inaendelea maadamu mafuta yapo, betri ina mwisho wake. Tena betri haizalishi: ukiichaji uniti 100, ya lithiamu inakurudishia kama 85.

*Kenhardt, Afrika Kusini, ina betri ya MW 225 na MWh 1,140, lakini mkataba ni MW 150. Zilizobaki zina kazi gani?*
Swali zuri. MW hupima kupokea pia, si kutoa tu. Mkataba unataka MW 150 kuanzia saa 11 alfajiri hadi saa 3 na nusu usiku, na paneli za sola za kituo hicho ni za MW 540. Jua likiwa utosini kuna ziada kubwa, na lazima iingie betrini kabla jua halijapinda. Jioni ikitoa MW 150, kwa hesabu ya karatasi akiba inadumu saa saba na nusu hivi badala ya tano za MW 225.

*Yangu ya sola imeandikwa 12V 200Ah. MWh iko wapi hapo?*
Zidisha volti (V) kwa ampea-saa (Ah): 12 × 200 ni wati-saa 2,400, yaani uniti 2.4. Kama ni betri ya maji, usishuke chini ya nusu, kwa hiyo hesabu uniti 1.2. Friji inayovuta wati 100 kwa wastani utaisukuma saa 12, ukitoa kidogo kinacholiwa na inveta.