Nishani ya Mwele: soma ukingo kabla ya kusugua

Nishani nyeusi ikitoka kwenye sanduku la babu, mkono hukimbilia ndimu na majivu. Uzuie. Kwenye nishani ya Waingereza ya vita vya Wamazrui (ukoo wa watawala wa pwani ya Kenya) vya 1895 na 1896, vilivyozuka kwa ugomvi wa urithi Takaungu na kumfikisha Mbaruk bin Rashid wa Gazi kwenye ngome yake ya Mwele, jina la mapigano hayo limechongwa ukingoni: "M'WELE" na mwaka. Jina la mwenyewe liko ukingoni pia. Kila ukisugua, yote mawili hufifia.

Vaa glavu za pamba, maana jasho lina chumvi, kisha tandika taulo mezani. Mwanga wa tochi uje kutoka ubavuni. Herufi zilizolika hujitokeza kwa kivuli. Tumia kioo cha kukuzia mara 10, unakili herufi kama zilivyo, hata zenye makosa. Kisha chukua kalipa, kifaa cha kupimia kipenyo. Kipenyo ni takriban milimita 36. Pima sehemu tatu au nne. Penye jina pakipungua, huenda jina la kwanza lilipigwa tupa na hilo unalosoma ni la mtu mwingine. Wanunuzi wengi hawapimi, na hapo ndipo wanapoingizwa mjini.

Usiandike "nishani ya ushujaa" kwenye fremu. Hii alipewa aliyekuwepo vitani. Ushujaa ulikuwa na nishani zake.

Weusi ule ni fedha yenyewe iliyoungana na salfa, kwa hiyo kuung'oa ni kuing'oa fedha. Dawa ya meno na dawa ya kung'arishia shaba ni msasa tu. Vumbi lifute kwa pamba laini. Doa sugu lipate tone la maji ya betri, yale masafi, siyo asidi (chupa zake hufanana, soma lebo), na uvue utepe kwanza, maana rangi yake yaweza kuchuja.

Kuhifadhi ndiko kugumu kwenye unyevu wa pwani. Mbao hutoa mvuke wa asidi, mpira una salfa, na vifuko vya plastiki ya PVC hutoa ute unaogeuza shaba kijani. Funga kwa karatasi isiyo na asidi, ndani ya mfuko wa poliethilini wenye zipu, pamoja na pakiti ya silika jeli, chembe zinazonyonya unyevu. Pima pakiti hiyo kwa mizani ikiwa mpya, uandike uzito wake juu. Masika ikizidi sana uzito huo, imenyonya maji mengi, weka nyingine.