Kabla ya kuchukua simu ya lipa pole pole ukiwa na madeni

Najua kabambe, ile simu ndogo ya kubonyeza isiyo na WhatsApp, inachosha. Najua pia kwamba ukiwa umefilisika, yule kijana muuza simu mwenye mwavuli pale Kondele, Kisumu, ndiye anayekuchangamkia mjini kote: kitambulisho, malipo ya kwanza kidogo, unaondoka na simu janja, zilizobaki unalipa kila siku, na usipolipa simu inajifunga. Usitoe kitambulisho bado.

Jua kwanza umefilisika kwa namna gani. Kukaukiwa mfukoni ni jambo moja, kutangazwa mufilisi na Mahakama Kuu chini ya Sheria ya Ufilisi ya 2015 ni jingine. Kama ni hilo la pili, mwone wakili kabla ya kusaini mkopo wowote, hata wa simu.

Angalia jina lako CRB, yaani kampuni zinazoweka kumbukumbu za mikopo ya watu. Kenya kuna TransUnion, Metropol na Creditinfo, na sheria inakupa ripoti moja bure kila mwaka. Usimlipe mtu wa mtaani anayedai "atakusafisha".

Piga hesabu mwenyewe. Yangu ilikuwa malipo ya kwanza 2,500, kisha 65 kwa siku, mwaka mzima. Sitini na tano ni bei ya chai na mandazi, sivyo? Zidisha kwa siku 365 ni 23,725. Ongeza ile 2,500. Kwa pesa taslimu simu ile ile haikufika 15,000.

Sasa hili lisikilize vizuri. Ukiwa na deni la Fuliza, ule mkopo wa M-Pesa wa kujazia salio lisipotosha, kila shilingi inayoingia kwenye laini yako ya M-Pesa hulipa deni hilo kwanza. Nilikuwa nalijua. Sikuwahi kuliweka kwenye hesabu ya simu.

Nauza omena na mbuta wa kukaanga, wateja wangu wengi wako Nakuru. Wanaagiza kwa WhatsApp, natuma kwa basi, wanalipa mzigo ukifika. Alhamisi moja nilikuwa na deni la 1,900 kwenye laini, na siku nilizokuwa nimelipia simu zilikuwa zimeisha jana yake. Nikajiambia, mama mteja wangu wa Section 58, Nakuru, akituma 1,500 zake nalipia wiki nzima. Akatuma. Nikaangalia salio: sifuri. Zote zimemezwa na deni bado halijaisha. Kufikia jioni simu ilikuwa imejifunga, skrini inaonyesha namba ya kulipia tu.

Mzigo mwingine ulikuwa njiani. Namba ya dereva, namba ya mpokeaji, zote ndani ya simu, hakuna hata moja kwenye laini. Nikaitoa laini nikairudisha kwenye kabambe, nikangoja mtu apige. Hakuna aliyepiga, wao walikuwa wananiandikia WhatsApp. Shemeji yangu alinilipia kwa laini yake saa tatu usiku. Mbuta walikuwa wamelala stendi kwenye gunia, na unajua samaki wa gunia asubuhi yake wananukaje. Mteja yule hajaniagiza tena, na simlaumu.

Kwa hiyo: maliza deni la laini kwanza, ndipo uchukue simu. Kama huwezi, uwe na laini ya pili isiyo na deni lolote, ya kulipia simu tu, na ulipe siku kadhaa mbele kukiwa na biashara nzuri. Usingoje mteja. Na namba muhimu ziandike kwenye daftari, daftari halifungwi na mtu.

Mengine ni ya kawaida. Hifadhi kila ujumbe wa malipo. Usimchukulie mtu simu kwa kitambulisho chako, hata kama ni ndugu wa tumbo moja. Akishindwa, anayetafutwa ni wewe. Uliza simu ikiibiwa deni linakwenda wapi, maana mara nyingi linabaki kwako. Na ukiuziwa simu ya mkono wa pili kwa bei ya kushangaza, iwashe hapo hapo yenye laini na intaneti, muuzaji akiwa amesimama, uone kama simu hiyo bado inadaiwa. Akianza kusema ana haraka, mrudishie simu yake.