Kabla ya Kwenda Makaburini Siku ya Qingming

Mgeni anayealikwa na familia ya Kichina kuzuru makaburi ya wazee wao siku ya Qingming, sikukuu ya Wachina ya kuwakumbuka wafu, amepewa heshima kubwa, kwa sababu safari hiyo ni ya ukoo, na marehemu huhudumiwa kwa chakula, kinywaji na fedha kama mtu ambaye bado ana haki zake nyumbani. Siku yenyewe huangukia tarehe 4 au 5 Aprili, na tangu mwaka 2008 imekuwa siku ya mapumziko kote China bara. Hata hivyo, aulizwe mapema mwenyeji siku hasa ya kwenda, kwani familia nyingi hutangulia au huchelewa kwa siku kadhaa ili kuepuka msongamano wa barabarani.

Ajiandae kufanya kazi. Wachina wenyewe huiita ibada hii saomu, yaani kufagia kaburi, na jina hilo lichukuliwe kama lilivyo: magugu hung'olewa, jiwe la kaburi huoshwa, na maandishi yaliyofifia hupakwa upya rangi nyekundu au ya dhahabu. Katika majimbo ya kusini kama Guangdong na Fujian makaburi mengi ya zamani yako milimani, na Aprili ni majira ya manyunyu, kwa hiyo viatu imara, mwavuli na glavu vina faida kuliko nguo za fahari. Nguo ziwe za rangi iliyopoa. Nyekundu ni rangi ya harusi na sherehe, haifai kuvaliwa mbele ya kaburi.

Kuhusu zawadi, maua ya krisanthemamu meupe au ya manjano hayakosei. Kitu chochote kisiwe vinne, kwa kuwa neno la Kichina la nne hutamkwa karibu sawa na neno la kufa. Vyakula huandaliwa na familia: kuku mzima wa kuchemsha, matunda, chai, vikombe vitatu vya pombe, na kusini mara nyingi nyama ya nguruwe ya kuchoma. Baada ya kutolewa kwa wafu, chakula hicho hugawanywa na kuliwa na walio hai, wakati mwingine papo hapo makaburini. Mwislamu, au yeyote mwenye mwiko wa chakula, amweleze mwenyeji siku kadhaa kabla. Haitakuwa habari ngeni, maana China ina mamilioni ya Waislamu wa kabila la Hui. Kukataa sahani wakati tayari imetolewa mbele ya kaburi la babu wa watu ni jambo linaloumiza, na linaepukika kwa urahisi kabisa.

Jambo ninaloliona zito kuliko yote ni la imani, nalo lisiachwe hadi mtu asimame mbele ya jiwe akiwa ameshika vijiti vitatu vya udi. Wanafamilia huinama mara tatu, na wengine hupiga magoti hadi paji la uso liguse ardhi. Je, hiyo ni heshima kwa mzazi au ni kumwabudu? Kanisa Katoliki lenyewe lilisumbuka na swali hili kwa karne nyingi: Papa Clement XI alizikataza ibada hizo kwa waumini mwaka 1715, na ni mwaka 1939 tu, chini ya Papa Pius XII, ndipo waliporuhusiwa kuinama mbele ya wafu wao kama tendo la heshima ya kijamii. Kila mmoja aamue mapema dhamiri yake inaruhusu nini, kisha amwambie mwenyeji. Mgeni anayesimama kimya, mikono imeshushwa na kichwa kimeinama kidogo, hajamvunjia mtu heshima.

Fedha za karatasi, pamoja na nyumba, nguo na simu za karatasi, huchomwa ili zimfikie marehemu. Miji mingi ya China sasa inakataza uchomaji huo au imeutengea mahali maalumu, na huko Hong Kong moto wa vilimani huongezeka msimu huu. Kwa hiyo maji ya kuzimia moto yabebwe, na mtu asiondoke kabla majivu hayajapoa.

Aliyeko Dar es Salaam hahitaji kusafiri mbali ili kuiona siku hii. Huko Gongo la Mboto kuna makaburi ya Wachina, wakiwamo waliofariki wakati wa ujenzi wa reli ya TAZARA kati ya mwaka 1970 na 1975, na kila Qingming ubalozi wa China na Wachina wanaofanya kazi nchini huenda kuwawekea maua. Wazazi na watoto wa wengi wa marehemu hao walikuwa ng'ambo ya bahari. Atakayefuatana na Wachina hao wa ubalozi na wa kazini abebe maua, afike mapema kabla ya jua kali, na asipige picha kabla ya kuomba ruhusa.